Jina Lililoandikwa Daftarini: Wanawake, Kazi na Mali katika Nyanda za Juu Kusini

Kabla ya kuja kwa Wajerumani, majembe yaliyolima Unyakyusa yalifuliwa Ukinga, juu kwenye safu ya Livingstone, na Wakinga walishuka nayo bondeni kubadilishana na chakula. Kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa vilikuja vyungu vya Wakisi. Wahunzi walikuwa wanaume, wafinyanzi wanawake. Ufinyanzi huo haujafa. Huko Ikombe, jirani na Matema, mama bado hukaa chini na donge la udongo juu ya kigae, mkono mmoja ukikizungusha na mwingine ukipandisha ukingo polepole, bila gurudumu. Chungu kikikauka hupakwa udongo mwekundu na kusuguliwa mpaka king'ae, kisha huchomwa mahali pa wazi. Siku ya soko mitumbwi huvipeleka Lyulilo, na kutoka huko husafiri hadi Mbeya na mbali zaidi.

Hata hivyo, mali iliyohesabiwa kuwa utajiri ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walipita mikononi mwa wanaume: baba alimpa mwana, mwana akawapeleka ukweni. Godfrey na Monica Wilson, walioishi Rungwe kwa vipindi kati ya 1934 na 1938, waliona jinsi ng'ombe walivyofunga ndoa na kufungua mashauri. Waliona pia jambo ambalo wapenda kulaumu husahau. Mwanamume wa Kinyakyusa alikuwa mlimaji. Kupindua ardhi kwa jembe ilikuwa kazi yake na ya wanawe. Mkewe alipanda, akapalilia, akavuna na kupika. Mgawanyo huo haukuwa wa haki sawa, maana mavuno ya mke yalilisha nyumba na ng'ombe wakabaki wa mume, lakini angalau jasho lilitoka pande zote mbili.

Mwanamke aliyekosa ukoo wa kumtetea alikuwa hatarini zaidi. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyeishi Usafwa, aliandika simulizi za wanawake waliotekwa katika vita vya karne ya 19, miongoni mwao Narwimba na Chisi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1993, mwanahistoria Marcia Wright alizirudia katika kitabu chake kuhusu watumwa na wanawake. Ukizisoma unaona wanawake wakipita kutoka mkono hadi mkono, wakitafuta kila mara mwanamume au kituo cha kujiegemeza, mpaka wakafika kwa wamisionari. Nyakati hizo mwanamke aliweza kuwa mke, mateka na bidhaa ndani ya mwaka mmoja.

Kisha ikaja kodi. Wajerumani waliidai kwa nyumba. Waingereza wakaipanga upya mwaka 1922 kuwa kodi ya nyumba na kichwa, na mwenye wake wengi akatozwa zaidi. Ndivyo mke alivyoingia kwenye daftari la serikali kwa mara ya kwanza: kama deni la mumewe. Fedha ya kulipia haikupatikana kijijini, basi wanaume wakaondoka. Wanyakyusa walikwenda Lupa, Chunya, kwenye dhahabu iliyovuta umati miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili wengi wakavuka mpaka kuelekea migodi ya kusini. Wabena na Wahehe walishuka kwenye mashamba ya mkonge wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba. Mwanamume akiwa mgodini, jembe lake lilishikwa na mke. Kwa maoni yangu hapo ndipo usawa wa jasho ulipovunjika, kwa sababu hata aliporudi, wengi hawakulirudia jembe kama zamani. Alirudi na fedha, na fedha ilinunua ng'ombe.

Kahawa ndiyo iliyotia muhuri. Wamisionari waliileta Rungwe, na tangu miaka ya 1930 ikaenea kwa wakulima. Katika vijiji vya rika vya Wanyakyusa vijana walijenga pamoja, mbali na baba zao, na ardhi iligawanywa upya kila kizazi kilipopokezana uongozi. Mkahawa haupokezani hivyo. Ukiupanda unazaa miaka na miaka, na aliyeupanda hataki mwingine agawiwe shamba lake. Anataka limwendee mwanawe. P. H. Gulliver, aliyeandika juu ya ardhi ya Wanyakyusa mwaka 1958, alikuta uhaba wa ardhi umekwisha kuvisambaratisha vijiji vya rika na urithi wa baba kwa mwana umeshika nafasi yake. Katika mpango wa zamani binti hakuwa na fungu; katika mpya fungu lilikuwepo, ila lilikuwa la kaka yake.

Tazama sasa kazi yenyewe. Mke na watoto huchuma buni nyekundu, hukoboa kwa mashine ya mkono, huosha na kuianika kwenye kichanja, wakiichagua punje moja moja na kuifunika mvua inapotishia. Siku ya kupima, kitabu cha chama cha ushirika kina jina la mwanachama, na mwanachama kwa kawaida ni baba. Malipo ya awali huja kwake, ya pili huja kwake. Ndizi zilizooteshwa katikati ya mikahawa zilikuwa za mama kwa sababu zilikuwa chakula. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, ndizi zikageuka fedha, na malori ya wanunuzi yakaanza kusimama Kiwira na Tukuyu. Akina mama bado wanauza mikungu kando ya barabara. Biashara ya jumla, yenye lori na mtaji, imeshikwa zaidi na wanaume. Zao likishaitwa la biashara, huhama mikono.

Azimio la Arusha la 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, na kwamba wanaume wengi wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Ni maneno makali kutoka kwa chama tawala, na sijui hati nyingine ya siasa ya wakati ule iliyothubutu hivyo. Lakini Iringa ya ujamaa inakumbukwa kwa kisa cha wanaume wawili: Mkuu wa Mkoa Wilbert Kleruu na mkulima Said Mwamwindi aliyemuua Isimani sikukuu ya Krismasi ya 1971. Wanawake waliopalilia mahindi ya Isimani hawamo katika kisa hicho.

Walionekana baadaye, kwa njia ya mizani. Katika miaka ya 1980 Iringa iliendesha mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ukaanza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito, na matokeo yakasomwa mbele ya viongozi wa kijiji. Mkoa ulikuwa miongoni mwa ile minne mikubwa kwa mahindi nchini, na bado watoto walikuwa wamekonda. Jibu halikuwa ghalani. Mtoto mdogo anahitaji kula mara nyingi kwa siku, lakini mama anatoka alfajiri na kurudi jioni, kisha bado kuna kuni na maji. Uji mwepesi mara mbili ndio uliowezekana. Wataalamu walihimiza kimea, kinacholegeza uji mzito ili unga mwingi zaidi uingie katika bakuli moja, na vijiji vikaanzisha vituo vya kulishia watoto. Utapiamlo mkali ulipungua sana ndani ya miaka michache. Kutokana na kazi ya Iringa, UNICEF ilikuja kuweka malezi sambamba na chakula na afya inapoeleza chanzo cha utapiamlo. Malezi maana yake ni muda wa mama, na muda huo ulikuwa umekwisha shambani. Utafiti wa afya wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi kwa udumavu, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30 kwa 100. Mahindi yanauzwa bado.

Njia ya manamba nayo haikufungwa, ila sasa wapitao ni mabinti. Dar es Salaam nzima inajua kuagiza msichana wa kazi kutoka Iringa, na mshahara wake mara nyingi husomesha kaka aliyebaki nyumbani.

Sheria imefuata polepole. Kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba zilimweka binti daraja la mwisho la urithi, na mjane akaachwa atunzwe na watoto wake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe alishinda hoja akashindwa kesi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi na kutaka wajumbe wasiopungua 3 kati ya 7 wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Mbozi ilikuwa wilaya ya majaribio ya hati za haki miliki ya kimila. Baadaye Ilalasimba, Iringa, mipaka ilipimwa kwa simu za mkononi, na wajane, mabinti na wake wakaandikwa kwa majina yao, wengine peke yao, wengine pamoja na waume. Uanachama wa chama cha ushirika cha mazao (AMCOS), ambako kahawa ya Mbozi na kakao ya Kyela hupimwa, bado ni wa mtu mmoja, na malipo ya msimu huingia kwenye akaunti yake.