Neno na Maana: Kufyonza si Kuhifadhi
Katika maandishi ya karibuni kuhusu kilimo cha kelpu, yaani mwani mkubwa wa kahawia wa bahari za baridi, unaolimwa kwa wingi China na Korea Kusini na usiopaswa kuchanganywa na mwani mwekundu wa Paje na Jambiani huko Zanzibar, kitenzi kuhifadhi kimeshika mahali pa kufyonza, na kosa hilo si dogo. Kufyonza ni kuvuta kitu ndani, kama nyuki afyonzavyo ua, na ndivyo kelpu inavyochukua kaboni iliyoyeyuka majini, hata maji yanayoizunguka yakapungukiwa asidi kwa muda na kuweza kupokea hewa ukaa zaidi kutoka angani.

Kuhifadhi, neno la asili ya Kiarabu lenye shina moja na hafidhi, yule aliyeiweka Kurani yote moyoni, hudai kudumu. Kaboni ya mwani ulioliwa, au uliooza ufukweni, hurudi majini na angani upesi, kwa hiyo ilifyonzwa tu. Iliyohifadhiwa ni ile iliyozama kwenye kina kirefu, au iliyofukiwa katika tope la sakafu ya bahari, ikakaa huko kwa karne nyingi.