Kikoi: jina lilibaki, mfumaji je?

Tulipozungumzia kanga kwenye podikasti, wengi mkauliza: na kikoi je? Haya, tukae nacho leo, manake kesi yake ilifika hapa hapa Uingereza.

Mwaka 2006 kampuni moja ya huku iliomba kusajili neno "Kikoy" kama alama yake ya biashara. Yaani, nguo anayojifunga babu akitoka kuoga, jina lake liwe mali ya kampuni! Wangekubaliwa, Mkenya anayeleta vikoi vyake London angeweza kuzuiwa kuviuza kwa jina hilo. Wakenya wakapinga, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, na hadi 2008 ombi lilikuwa limekufa.

Ushindi ule naupenda, ila nadhani unasifiwa kupita kiasi. Jina likiwa la wote, ni la wote kweli: hata kiwanda cha mbali kinachotoa maelfu kwa mashine kinaweza kubandika "kikoi" na kuuza kama taulo la ufukweni. Mfumaji wa mkono, anayepitisha mshindio mmoja mmoja kwenye mtande, kisha matamvua yasokotwe kwa vidole, atashindanaje na bei hiyo?

Na si mara ya kwanza. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo za pale zikipelekwa hadi Misri. Pate ilisifika kwa hariri yake. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vya kusokotea pamba. Kisha, kuanzia miaka ya 1830, meli za Salem, Massachusetts, zikamwaga Zanzibar pamba ya viwandani. Tukaiita merikani. Neno bado tunalo. Wafumaji wengi wa Pwani hatunao tena.

Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016, inayoipa jamii haki juu ya urithi wake. Sawa, lakini jamii ipi? Kikoi huvaliwa Lamu, Unguja, Somalia, na Oman wana wizari, ndugu yake kabisa. Isitoshe, sheria ya Nairobi haifiki kwenye rafu za maduka ya London.

Mimi siku hizi nikinunua huuliza kimefumwa na nani, wapi. Muuzaji wa mwisho niliyemuuliza aliigeuza lebo mbele na nyuma. Iliandikwa "kikoi", basi.