Utulivu wa Mtoto, Mzigo wa Mlezi: Ushahidi kutoka Ngara na Biharamulo

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika muda wa saa 24 hivi. Kambi yao ya Benaco ikageuka mji wa maturubai, na haukupita muda wageni wilayani wakawazidi wenyeji. Simulizi za mwaka ule huwahusu wakimbizi, na ni haki yao. Watoto wa wenyeji hawatajwi sana.

Mchumi Javier Baez aliwatafuta katika takwimu. Aliwalinganisha watoto wa magharibi mwa Kagera, waliokuwa karibu na kambi, na wenzao wa mashariki. Mwongo mmoja baadaye, wale wa magharibi walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 1.8, na uwezekano wao wa kujua kusoma na kuandika ulikuwa umepungua kwa pointi 7 za asilimia. Lakini Jean-François Maystadt na Philip Verwimp, waliochunguza kaya za mkoa huohuo, walikuta matumizi ya wenyeji yamepanda kwa wastani, ingawa vibarua wa mashambani waliumia. Basi yawezekana kipato cha kijiji kikapanda huku watoto wake wakirudi nyuma. Maradhi ya kuambukiza yanaeleza sehemu kubwa ya jambo hili, wala sitaki kuyapuuza. Hata hivyo nashuku kuna sehemu nyingine ambayo dodoso za uchumi haziinasi: watu wazima walihamia sokoni, barabarani na kwenye ajira za mashirika, na jioni hapakuwa na wa kumsikiliza mtoto.

Shuku hiyo inapata nguvu kutokana na ushahidi wa pili. Kati ya 1991 na 1994 kaya 915 za Kagera, zikiwamo za wilaya za Ngara na Biharamulo, zilihojiwa katika utafiti uliokusudia kupima athari za vifo vya watu wazima, kwani mkoa huu ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Mwaka 2004 Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwafuatilia watoto 718 ambao hapo mwanzo hawakuwa yatima. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walipoteza, kwa wastani, mwaka mzima wa shule na sentimita 2 za kimo, na pengo hilo halikuzibika walipokua. Ada, ambayo shule za msingi zilikuwa bado zinatoza miaka ile ya tisini, ilichangia. Lakini shangazi anayelipa ada si lazima ajue kwamba mtoto ameacha kula, au kwamba anajificha migombani saa ya kwenda shule.

Hapa ndipo hisia na masomo vinapokutana. Mtoto mwenye hofu au huzuni anatumia nguvu ya akili kuilinda nafsi yake, na nafasi inayobaki ya kushika maelekezo ya mwalimu huwa finyu. Mwalimu anaona uvivu. Nyumbani wanaona ukaidi, na fimbo inafuata. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu iliyopita kiasi, ila kiasi chenyewe imewaachia wakubwa wakipime. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alikufa baada ya kupigwa na mwalimu. Mkoa ulishtuka, kisha mijadala ikarudi kwenye idadi ya viboko.

Aghalabu tiba inayopendekezwa ni semina: wazazi wafundishwe malezi. Sizipingi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imefanya vema kuweka malezi yenye mwitikio sambamba na lishe na afya. Ninachopinga ni ile dhana kwamba mzazi wa wilaya hizi, wa Nyakahura au Rulenge, anapungukiwa elimu tu. Bibi anayezungumza Kihangaza au Kishubi, na asiyeweza kusoma daftari la mjukuu, hahitaji cheti ili aulize nani alimuudhi mtoto leo, au amwambie ukweli kwamba mama amekufa badala ya kusema amesafiri. (Uongo huo wa huruma umewafanya watoto wengi wasubiri mlangoni.) Anachohitaji ni nafasi. Mtu aliyeshinda kwenye kibarua, akarudi na kuni na ndoo ya maji, hana subira ya kusikiliza, hata kama alihudhuria semina tatu.

Wilaya jirani ya Muleba inatoa kielelezo bora kuliko hotuba. Huko Nshamba, mradi wa Humuliza ulianza 1997 kuwasaidia walimu na walezi kuitambua huzuni ya yatima. Mwaka 2003 ukafuata mradi wa Kwa Wazee, uliotoa pensheni ndogo ya kila mwezi kwa wazee wanaolea wajukuu. Tathmini yake ya 2008 ilibeba kichwa cha habari chenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Kwa mtazamo wangu, hivyo vitatu ni vitu vya kisaikolojia pia: mtoto asiyechekwa kwa uchafu wa nguo anakaa darasani bila kujikunyata, na bibi asiyekopa chumvi kwa jirani anapata moyo wa kuongea.

Ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kwa masharti yake ya mahudhurio ya shule na kliniki, inamhesabu mtoto. Mlezi hahesabiwi. Ngara na Biharamulo, ambako akina baba huondoka kwenda migodini au kufuata biashara Nyakanazi na mpakani, zingefaa kwa jaribio rahisi: rejista ya darasa la kwanza iongezwe safu inayoonyesha mtu mzima anayelala na mtoto nyumba moja, na mwalimu mkuu apeleke orodha hiyo kwa ofisa ustawi wa jamii kila muhula. Mlezi aliye peke yake na watoto wengi, au aliye mgonjwa, ndiye afikiriwe kwanza kwa ruzuku, na atembelewe kabla mtoto hajaacha shule.