Thamani Ikiwa Bado

Imenifikia rasimu ya istilahi za kompyuta inayotaka undefined ya JavaScript iitwe “thamani isiyofafanuliwa”. Kufafanua ni kazi ya mwalimu na kamusi. Kigeu hakihitaji maelezo, kinahitaji thamani, nacho hakijapewa. Kundi jingine, lenye sauti kubwa zaidi, linashikilia “batili”. Hilo ni neno la mahakama. Mkataba huandikwa kwanza, ndipo hakimu akautangaza batili. Mchuuzi wa Koboko, huku West Nile ya Uganda, ambaye karani hajalijaza deni lake kwenye kompyuta, amebatilishwa na nani?

Mimi nasema bado. Neno hili tulilipata kwa Kiarabu, ba'du, nalo ni la ukoo mmoja na baada na baadaye. Kiswahili kikalifanya jibu zima, lisilodai kitenzi. Sokoni Arua ukiuliza, “Amelipa?” ukajibiwa, “Bado,” umeshaelewa. Ukivuka Vurra kuingia Kongo, au Oraba kuingia Sudan Kusini, utaeleweka vilevile. Ndani ya silabi mbili mna kukosekana na kungojea kwa pamoja, jambo ambalo “batili” haiwezi kulibeba. Sifuri nayo ilianza kama sifr, yaani utupu, lakini leo ni namba halali: mwenye deni sifuri amelipa. Tungo, yaani string, nalo linatokana na kutunga, kama shanga zinavyotungwa. Kwa hiyo tungo tupu ni uzi uliopo, usio na shanga. Penye bado, hata uzi haujaletwa.

Wapinzani wangu wanasema bado ni kielezi, na istilahi sharti iwe nomino. Mbona “tupu” ni kivumishi na waliipitisha wao wenyewe?

Matumizi hayahitaji maneno mengi. Linganisha kwa alama tatu za usawa, si mbili, kwani "" == 0 hujibiwa kweli, na deni lililoachwa tupu litahesabiwa limelipwa. Andika deni === undefined; kwa alama mbili, undefined na null (utupu uliowekwa makusudi) huonekana kitu kimoja.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na kukawa na pendekezo kiwe somo la lazima shuleni. Nawaomba watakaoandika vitabu vya kompyuta vya watoto wa West Nile waandike bado, na waiache batili kwa mahakimu.