Porsche 911 ya zamani inapokataa kuwaka asubuhi

Magari mengi ya Porsche 911 yaliyoundwa kati ya 1974 na 1983 hutumia mfumo wa petroli wa Bosch K-Jetronic. Injini ikiwa baridi, vali maalumu hunyunyiza petroli ya ziada starta inapozunguka. Baada ya sekunde chache, swichi inayohisi joto huikatia umeme.

Kabla ya kununua vipuri, fundi huchomoa plagi ya vali injini ikiwa baridi, akaunganisha taa ya kupimia umeme, kisha starta ikazungushwa. Taa ikiwaka, vali ndiyo ya kushukiwa. Isipowaka, swichi na nyaya zichunguzwe. Vali inayovuja nayo huifurisha injini petroli, hasa ikiwa moto. Kizima-moto kiwe karibu.