Upande Uliobomoka wa Meru

Nikiutazama Mlima Meru kutoka Arusha mjini, naona mlima mzima wenye umbo la pia, uliopanda zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Mpaka uzunguke hadi Momela, upande wa mashariki, ndipo unapoona kwamba umebomoka. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo uliporomoka, mawe na matope yakatapakaa hadi tambarare, na kwenye mabonde yaliyobaki maji yakatuama yakawa maziwa ya Momela. Volkano yenyewe ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910.

Historia ya Arusha nayo tumezoea kuitazama kutoka mjini. Tunataja Azimio la mwaka 1967, mikutano na watalii. Lakini jambo kubwa lilitangulia nyuma ya mlima, Engare Nanyuki, kwenye nchi kavu ya malisho.

Wameru walikuwa wamebanwa. Juu yao palikuwa na msitu wa serikali. Chini, mashamba ya walowezi yaliyoanza enzi ya Wajerumani. Engare Nanyuki ilikuwa pumzi yao. Mwaka 1947 Tume ya Wilson ikapendekeza eneo hilo liwe la walowezi wa Kizungu. Wameru wakakataa kuhama. Novemba 1951 waliondolewa kwa nguvu, watu wapatao 3,000, na nyumba zao zikachomwa moto.

Hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton kutoka Bermuda. Mwaka 1952 Kirilo akawa Mtanganyika wa kwanza kuhutubia Umoja wa Mataifa, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa na mitatu kabla ya Nyerere kusimama huko.

Katika Baraza Kuu, azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura. Kwa hesabu hiyo walishindwa. Mimi naihesabu vingine: Uingereza ililazimika kujieleza mbele ya dunia kwa sababu ya wakulima na wafugaji ambao kabla ya hapo haikuona haja ya kuwasikiliza. Watanganyika wengine wakajua kwamba mlango ule unabishwa hodi.

Leo wanaokwea Meru huanzia geti la Momela. Engare Nanyuki iko jirani, nayo inastahili kutajwa kabla ya safari ya kileleni.