Mlango wa Chumba cha Watu Sita

Kwa Sadala hakuna stesheni. Kuna soko, kuna barabara ya lami ya Moshi–Arusha, na kuna watu wa Masama na Machame wanaoshuka na ndizi na kurudi juu na mitumba, chumvi na sabuni. Reli ipo mbali kidogo, kusini, kwenye tambarare la joto ambako hakuna anayependa kujenga. Hata hivyo mtu wa hapa aliyefanya kazi Dar es Salaam enzi za treni, akiulizwa alikuwa akirudije nyumbani, hataanza na mlima wala na Mto Wami. Ataanza na watu aliolala nao chumba kimoja: nani alikoroma, nani alikuwa na kuku wa kukaanga, nani aligundulika kuwa shemeji kabla ya kufika Korogwe.

Chumba hicho kina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na sehemu kubwa ya historia hiyo inahusu mlango: nani ana haki ya kuufunga, na amfungie nani nje.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyopewa kazi ikaishiwa fedha njiani na serikali ya koloni ikalazimika kuichukua. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Miaka 18 kwa kilomita 352. Garimoshi halikuweza kupanda mlimani, hivyo likaishia chini, na mji mpya ukaota pale liliposimama. Moshi ya zamani ikabaki juu na jina la Old Moshi. Vita Kuu vilipokuja, Waingereza wakavuta reli yao kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, mwaka 1915 na 1916, na ghafla Kilimanjaro ikawa na njia mbili za kwenda baharini, Tanga na Mombasa. Arusha ilisubiri hadi 1929.

Njia hizo ndizo zilizobeba kahawa. Chama cha kwanza cha wakulima wa Kichagga kilianzishwa 1925, na chama cha ushirika cha KNCU kikafuata 1933, na kila msimu magunia yalishuka kwenda bandarini. Kahawa ilipata behewa lenye paa na kufuli. Mwenye kahawa alipata benchi la mbao la daraja la tatu, bega kwa bega na wenzake, usiku kucha.

Madaraja yalikuwa matatu na rangi zilikuwa tatu, na hilo halikuwa jambo la bahati. Kwa kawaida daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Ubaguzi huo haukuhitaji kitabu kikubwa cha sheria. Nauli ilifanya nusu ya kazi, na karani wa stesheni akamalizia nusu nyingine kwa kupanga nani alale chumba gani na nani.

Dunia nzima ilikuwa ikihangaika na mlango huohuo. Huko Marekani, George Pullman aliwalaza abiria wake katika behewa moja refu lililo wazi, kila kitanda na pazia lake. Mbelgiji Georges Nagelmackers alisafiri Marekani mwishoni mwa miaka ya 1860, akayaona mabehewa hayo, akarudi Ulaya na wazo la kulaza watu safarini. Hakurudi na pazia. Kampuni yake, Wagons-Lits, ilijenga vyumba vyenye milango. Lakini mlango nao ulikuwa na hofu zake. Mwaka 1864 mfanyakazi wa benki aitwaye Thomas Briggs alishambuliwa ndani ya chumba cha daraja la kwanza cha treni jijini London, akafa, na kwa kuwa vyumba vya siku hizo havikuwa na njia ya kupita kati yake, hakuna aliyeweza kumfikia. Waingereza wakaanza kudai kamba ya dharura ya kumwita dereva. Na huko Afrika Kusini, Juni 1893, kijana mwanasheria aitwaye Mohandas Gandhi alishushwa Pietermaritzburg usiku wa baridi, tiketi yake ya daraja la kwanza ikiwa mkononi. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wakifyeka msitu Tanga.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake cha mlango, tena cha kutisha kuliko vyote. Tarehe 6 Juni 1900, katika stesheni ndogo ya Kima kwenye reli ya Mombasa, mrakibu wa polisi Charles Ryall aliegesha behewa lake kwenye njia ya pembeni ili kumwinda simba aliyekuwa akisumbua wafanyakazi. Alikuwa na wenzake wawili, Huebner Mjerumani na Parenti Mwitaliano. Huebner alilala kitanda cha juu, Parenti sakafuni, Ryall kitanda cha chini akishika zamu, na usingizi ukamzidi. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza. Behewa lilikuwa limeinama kidogo, uzito wa mnyama ukaliinamisha zaidi, na mlango ukajifunga nyuma yake. Watu watatu na simba mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Simba alimkanyaga Parenti ili amfikie Ryall, kisha akatoka naye dirishani. Behewa hilo hadi leo liko kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi, na wageni huchungulia ndani na kushangaa jinsi lilivyo dogo.

Baada ya uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, rangi haikuweza tena kuwa kigezo cha karani. Madaraja yalibaki. Hata Azimio la Arusha la mwaka 1967, la ujamaa na usawa, lililotangazwa hapo jirani, halikuyaondoa, na mtu anaweza kuliona hilo kuwa kichekesho kidogo. Kilichobadilika ni nani aliyeweza kununua kitanda: mwalimu, karani, muuguzi, mfanyabiashara wa kahawa, mwanafunzi aliyetumiwa hela na mjomba. Mwaka 1963 kipande cha reli kati ya Ruvu na Mnyusi kilikamilika, kikaunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati. Kwa mara ya kwanza mtu wa Kilimanjaro aliweza kupanda treni Moshi na kushukia Dar es Salaam bila kupitia Tanga.

Hapo ndipo chumba cha watu sita kilipopata maisha yake hasa. Daraja la kwanza lilikuwa na vitanda viwili na sinki la kunawia. Mwenye hela alifunga mlango na habari ikaishia hapo. Daraja la pili ndilo lenye mambo. Vitanda vitatu upande huu, vitatu upande ule, kimoja juu ya kingine. Mchana cha chini ni kiti cha wote, na cha katikati hulazwa kuwa egemeo la mgongo. Usiku cha katikati kikiinuliwa na kufungwa kwa minyororo, hakuna tena anayeweza kukaa wima chini yake. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kulala peke yake, na mtu mmoja hawezi kukesha peke yake. Wahindi, ambao wana vitanda vya namna hii kwa mamilioni, wameweka kanuni: cha katikati kiinuliwe saa nne usiku, kishushwe saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye reli ya Moshi suala hilo huamuliwa kwa kuangalia umri. Mzee wa chumba akipiga mwayo, vijana husimama.

Mzee huyohuyo ndiye anayepata kitanda cha chini, tiketi iseme isemavyo. Kijana mwenye namba ya chini akiingia na kumkuta mtu mzima anakodolea macho ngazi ya kitanda cha juu, hutoa shikamoo na kukwea.

Mazungumzo huanza kwa swali moja, nalo huulizwa kabla mizigo haijakaa sawa. "Unashukia wapi?" "Moshi." Jibu hilo halimridhishi yeyote. "Moshi ya wapi?" Maana Moshi ya msafiri yaweza kuwa Rombo, Kibosho, Marangu au Uru. "Machame." "Machame ya wapi?" "Pale Kwa Sadala, unapanda juu." Sasa maswali yanaingia ndani: wa akina nani, Swai, Lema au Massawe, mama ametokea wapi, nani alimwoa nani. Dakika chache baadaye watu ambao hawajawahi kuonana wanajua shule walizosoma watoto wao na ugonjwa uliomuua babu. Na yote hayo kwa Kiswahili, hata kama wote chumbani ni Wachagga, kwa sababu mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakisema kila mmoja lugha ya kwao hawatafika mbali.

Kwa mgeni kutoka nchi za vyumba vya watu wawili, mahojiano hayo yanaweza kuonekana kama uvamizi. Yana kazi yake lakini. Anayelala na watu watano asiowafahamu, akiwa na fedha za ada ya shule kwenye soksi, anahitaji kujua ni nani walio juu yake na chini yake. Jina la ukoo ni dhamana. Ukishasema wewe ni wa akina nani na wa kijiji gani, kuiba kunakuwa kugumu kidogo.

Mwizi anayeogopwa zaidi yuko nje. Usiku, treni inaposimama kwenye stesheni zenye taa hafifu, mikono huweza kuingia dirishani na kuondoka na begi. Ndiyo maana kwenye mabehewa ya Tanzania mhudumu hugawa kipande cha ubao, na ubao huo hukazwa kwenye dirisha ili lisishuke. Mlango nao hufungwa kwa komeo kutoka ndani, na anayetoka kwenda chooni hubisha na kujitaja akirudi. Joto humo ndani huwa si la kawaida.

Faragha ya mwili hulindwa kwa njia nyingine. Wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja, kwenye reli hii na hata kwenye TAZARA, reli ya Zambia iliyokabidhiwa na Wachina mwaka 1976, isipokuwa watu wamenunua vitanda vyote. Chumba cha wanawake kina desturi zake: kilemba kinavuliwa, mtoto ananyonyeshwa bila kujifunika, khanga inatundikwa kati ya vitanda kwa anayetaka kubadili nguo. Chumba cha wanaume, kwa mizani yoyote, kina aibu zaidi. Mtu akitaka kuvua suruali wenzake hukumbuka ghafla kwamba wana jambo la kutazama kwenye korido.

Na kuna chakula. Anayefungua kibakuli cha kiburu au ndizi nyama hawezi kula kabla ya kusema karibuni, na anayekaribishwa huitikia kwamba ameshiba, na wote wawili wanajua kwamba mara ya tatu ataonja. Anayejifanya amelala wakati wenzake wanakula hueleweka vizuri, na kwa heshima huachwa. Kujifanya umelala ndilo pazia la chumba kile, halina gharama na halivutwi na mwingine.

Mambo yakaharibika polepole. Mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na safari za kupitia Taveta hadi Voi zikakatika. Shirika la Reli la Tanzania lilirithi mabehewa yaliyochakaa. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria ya Moshi ikakoma. Muongo huohuo serikali ikapiga marufuku mabasi kusafiri usiku kwa sababu ya ajali. Ni nadra watu kuyatazama mambo haya mawili kwa pamoja, lakini matokeo yake yalikuwa mamoja: kwa takriban kizazi kizima hakuna mtu wa Kilimanjaro aliyelala njiani kihalali. Basi liliondoka alfajiri, likafika jioni, abiria wote wakitazama kisogo cha aliye mbele na filamu iliyowekwa na kondakta. Jirani wa basi ni mmoja tu, na anaweza kupuuzwa kwa saa 9.

Treni ilirudi Desemba 2019, mwezi ambao Wachagga wote wa Dar es Salaam hukumbuka kwao, na nauli za mabasi hukumbuka hivyohivyo. Mwaka uliofuata ikafika Arusha tena. Inaondoka Dar mchana, inafika Moshi asubuhi, ikiwa na daraja la tatu, daraja la pili la kukaa na la pili la kulala. Vijana waliopanda kwa mara ya kwanza walikuwa na simu na visikizi masikioni, na wazee waliulizana kama mazungumzo yatawezekana. Yaliwezekana, hasa pale chaji ilipoisha. Oktoba 2023 mabasi nayo yakaruhusiwa kusafiri usiku.

Kwingineko kitanda kinaondoka. Treni ya usiku ya Nairobi–Mombasa, iliyokuwa na shuka nyeupe na chakula cha jioni mezani, iliiachia nafasi treni mpya ya Madaraka Express mwaka 2017, nayo ni ya viti. SGR ya Tanzania, reli mpya ya kisasa iliyoanza Dar–Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ni ya viti pia. Mwendo wake haumpi mtu muda wa kusinzia vizuri, seuze kuulizwa ukoo.

Kwenye reli ya kaskazini, wakati huohuo, mume na mke wanaokwenda kula Krismasi nyumbani bado wana hesabu ya kufanya. Wakitaka kulala pamoja walipie vitanda sita. Wengi hawalipi. Mke huchukua watoto na chakula aende chumba cha wanawake, mume hubaki na wageni watano na funguo za nyumba, na kila stesheni hutoka kwenye korido kuuliza kama kuna nyama iliyobaki.